Nahau ya Siku

Mimi Kiingereza sikijui. Nasema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Ninachokijua ni nahau, vile visemo vya mtaani ambavyo wenye lugha yao huambiana wakiwa wamevua viatu, na nilivijulia juu ya jiwe.

Jiwe lenyewe liko nyuma ya nyumba ya mama yangu, kijijini Sepuka. Pale juu ndipo mtandao unapokamata. Nilimaliza chuo cha ualimu nikakaa nyumbani miaka miwili bila ajira, na kila asubuhi nikishafagia uwanja nilipanda na simu na daftari kubwa la kaunta, nikawa nanakili. Piece of cake: kazi nyepesi, sawa na kumsukuma mlevi. Butterflies in my stomach: tumbo joto. Hold your horses: hebu tulia kwanza, mbona una haraka. Hiyo ya mwisho ilinichekesha, maana farasi sijawahi kumwona kwa macho. Kwetu ni punda, na punda wetu huna haja ya kumzuia, kazi ni kumfanya aondoke. Mama alikuwa akipita chini na ndoo ananiuliza, "Wewe huko juu unasali au unasoma?" Namjibu nasoma. Anasema haya, soma, lakini alizeti haitajipura yenyewe.

Binti yangu alikuwa naye muda wote huo. Baba yake alishaoa kwingine, huyo simsemi. Mama ndiye aliyemlea mtoto tangu nikiwa chuoni, akajua Kinyaturu kabla ya Kiswahili, na kitu cha kwanza alichofundishwa kwa ukali, kabla hata ya kushika kijiko, ni kusalimia watu.

Siku moja nikaitwa kwenye usaili. Shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, mjini Singida, geti la bluu, basi la njano. Mwenye shule, ambaye wote tunamwita mkurugenzi, alikuwa amekaa na mkuu wa shule, akaniuliza kwa Kiingereza najisikiaje. Nikasema nina vipepeo tumboni. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza darasa la watoto arobaini na tano nitaliweza? Piece of cake, nikasema, na nikatabasamu kama mtu aliyezaliwa nayo. Akamgeukia mkuu wa shule akamwambia, "Huyu ndiye. Unasikia anavyoongea? Wengine wote wanaongea vitabu." Hakuna aliyeniuliza jambo la kuhitaji sentensi nne zinazofuatana. Wangeuliza, ningetokea dirishani. Niliingia kwenye kazi ile kama panya anavyoingia mtegoni, kwa furaha kabisa, nafuata karanga.

Karanga zenyewe zilikuwa nafasi ya mtoto. Mtoto wa mwalimu anapokelewa pale pale anapofundisha mama yake. Nikarudi Sepuka kumchukua, na mama akaniweka chini.

"Mchukue," akasema. "Ni wako, mimi sikumzaa. Lakini nisikilize vizuri. Siku nikimkuta hajui kusalimia watu, siku hiyo hiyo namrudisha hapa. Na huyo mkurugenzi wako akitaka kumdai, aje Sepuka, njia ipo."

Nikacheka. Mama hakucheka. Nikaahidi. Nilijua anachoogopa: mtoto wa jirani yake alisomeshwa shule za namna hiyo, na alipokuja likizo akampita bibi yake mlangoni na neno "Hi", akaenda moja kwa moja kwenye televisheni. Bibi yule hadi leo analisimulia hilo msibani. Mama yangu alishasema kwamba yeye halitamkuta.

Tukahamia Unyambwa, pale pale mjini, chumba na sebule, mimi na binti yangu. Na hapo ndipo nilipojua nimeingia wapi.

Shule ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Ukishavuka geti, Kiswahili umekiacha nje kwa mlinzi, na Kinyaturu usikitaje kabisa. Mwanafunzi akiteleza neno moja, anavishwa kibao. Ni kipande cha mbao, kimefungwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya kwamba mimi ni mjinga, nimeongea Kiswahili. Anakivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake akiteleza, amhamishie. Asipomkamata mtu, anakaa nacho mpaka saa ya kwenda nyumbani. Anayekitunza na kukivisha ni mwalimu wa zamu. Mwalimu naye akiteleza anaandikwa kwenye daftari la mkuu, na waliokuwa kwenye miezi sita ya majaribio kama mimi waliambiwa wazi: mistari mitatu, kwaheri.

Sasa fikiria mtu mwenye nahau mia mbili na sentensi kumi na tano. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi jioni, na kati ya hapo ni kuruka kutoka jiwe hadi jiwe kama anayevuka korongo. Mwenzangu akiniuliza habari za nyumbani, so far so good, mpaka sasa shwari. Akiniuliza kuhusu ratiba, I'll keep you posted, nitakujuza. Akinisimulia mume wake amelazwa, mimi najua hang in there tu, yaani jikaze, basi, na ninavyojua mimi kumpa mtu pole! Pole ya kwetu ina ngazi zake: unauliza amelazwa lini, wodi gani, anakula nini, nani anakaa naye. Yote hayo ninayo kichwani kwa Kiswahili, yamejaa mpaka kwenye koo, na mdomoni inatoka hang in there. Yule dada alinitazama akaondoka. Nadhani aliniona mtu wa roho ngumu.

Nami nilijichimbia zaidi. Mkurugenzi alipendezwa na nahau zangu mpaka akaanzisha kipindi. Kila asubuhi mstarini nasimama mbele ya shule nzima, natoa nahau ya siku, naeleza maana na matumizi yake, na walimu wote wanatakiwa kuitumia angalau mara moja kabla ya jioni. Loo! Walimu walinichukia kwa umoja. Unamkuta mwalimu wa hisabati, mtu mzima, anazunguka shule saa tisa alasiri anatafuta pa kusemea once in a blue moon, yaani kwa nadra sana, ili akaripoti ametumia. Walinipa jina, sitaliandika. Na daftari langu la kaunta lilikuwa linaisha. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, nasaka nahau mpya kwenye simu. Maana kama siku moja ningekosa, angeniambia niongee tu jambo lolote, kwa maneno yangu. Maneno yangu ndiyo sikuwa nayo.

Nahau zenyewe zina tabia yake, na hili hakuna aliyelieleza kwenye simu yangu. Maana unapewa. Unaambiwa under the weather ni kujisikia vibaya. Hawakuambii unamwambia nani, na nani usimwambie. Kiswahili najua bila kufundishwa kwamba "umepotea sana wewe" namwambia rafiki sokoni na simwambii mkwe. Kwa Kiingereza visemo vyote vilikuwa sawasawa kwangu, nguo zote za mtumba kwenye rundo moja, sijui ipi ya kanisani na ipi ya kulalia.

Kuna siku, zamu ikiwa yangu, mtoto wa darasa la pili alishika tumbo. Kamejikunja kwenye dawati, jasho linamtoka. Nikamwambia, are you under the weather? Akanitazama tu. Nikarudia. Akatikisa kichwa hajui, machozi yanamlengalenga. Na mimi nilitaka kumuuliza mambo ya kawaida kabisa: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini, umetapika? Kwa Kiingereza ningeyapanga labda kwa dakika kumi, na yeye asingeyaelewa hata hivyo. Nikamshika mkono, nikatoka naye hadi nyuma ya tangi la maji, nikaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, nikainama nikamnong'oneza sikioni, "Unaumwa wapi, mwanangu?" Mtoto alilia! Alilia kwa nguvu, akanikumbatia shingo, akasema yote kwa pumzi moja, kwamba tangu jana anaharisha na ameogopa kuomba kwenda chooni kwa sababu hajui kuomba kwa Kiingereza na kibao kimesimama mezani. Nilimfuta uso. Nilikuwa na hasira hata sijui na nani. Kisha nikamrudisha darasani, nikaendelea na somo kwa Kiingereza.

Mama alikuwa anapiga kila Jumapili baada ya misa, kwa simu ya jirani. Mimi ananiuliza hali kwa ufupi, halafu, "Mpe mtoto." Mtoto anachukua simu, anasema shikamoo bibi, wanaongea Kinyaturu chao, wanacheka, mimi nimekaa pembeni nahesabu pumzi. Simu ikirudi kwangu mama anasema, "Bado yupo," yaani mjukuu wake ni yule yule, shule haijambadilisha. Jumapili moja mtoto aliulizwa hajambo, akasahau, akajibu "I'm fine." Mama akasema, "Mpe mama yako simu." Nikachukua. Akasema tu, "Nimesikia," akakata.

Usiku ule... hapana, tuseme jioni ile, maana sikungoja giza, nilimweka mtoto chini nikamfundisha upya. Ndani ya hii nyumba, nikamwambia, na kokote ukimwona bibi, unasalimia alivyokufundisha. Kokote. Unanisikia? Akasema ndiyo mama. Nilisema kokote. Mdomo wangu mwenyewe.

Ikafika siku ya wazazi. Sikumwambia mama. Nilijiambia ni mbali, ana kazi za shamba, atachoka. Uongo mtupu; nilikuwa naogopa. Lakini mtoto alishamwambia kwenye simu kwamba ataimba kwaya, na bibi wa namna ile huwezi kumwambia mjukuu ataimba halafu abaki nyumbani.

Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Asubuhi mkurugenzi alituita ofisini akasema leo kuna wageni wa wilaya na wazazi wakubwa wakubwa, hataki kusikia neno moja la Kiswahili kwa mwalimu wala mwanafunzi, na Jumatatu barua za kuthibitishwa kazini zinatoka. Aliposema barua alinitazama mimi. Kisha akaja akasimama nami getini kupokea wageni, suti ya kijivu, manukato. Kibao kilikuwa kinaning'inia begani kwangu kama kawaida ya mwalimu wa zamu.

Mlinzi akafungua mlango mdogo, akaingia mama yangu.

Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na kanga juu, kikapu mkononi, jogoo ametoa kichwa. Viatu alikuwa amevifuta vumbi nje ya geti, niliona. Akasimama mbele yangu akangoja. Mama hawezi kunisalimia kwanza, yeye ndiye mkubwa, anangoja aamkiwe. Na mimi nilimwona, jamani, nilimwona mama yangu, magoti yakataka kwenda chini yenyewe. Mkurugenzi alikuwa hatua moja pembeni, amegeuza sikio, anatabasamu, anasubiri kusikia mwalimu wake wa nahau atampokeaje mgeni.

Nikanyanyua mkono. "Long time no see!" nikasema, kwa sauti ya furaha.

Maana yake ni kwamba hatujaonana siku nyingi. Hiyo ndiyo maana ya kwenye daftari. Matumizi yake ni haya: anasema mtu kwa wa rika lake, amemkuta stendi, wanagongeana mikono. Ni "umepotea sana wewe." Ndilo neno nililompa mama yangu mzazi, nimesimama wima, mkono juu, mbele za watu.

Mama akanitazama kidogo. Akamtazama mkurugenzi na suti yake, akatazama geti, bendera, wageni. Kisha uso ukamfunguka, akashusha kichwa kwa heshima kabisa.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. Na akamwambia mlinzi pale nyuma, kwa fahari, "Kumbe hata Kizungu kina shikamoo yake!"

Mlinzi akainamisha kichwa. Mzee yule, mwenyeji wa Issuna, alikuwa anaelewa kila kitu.

Ningepata nafasi ya kupumua labda ningefanya jambo. Sikupata. Binti yangu alikuwa kwenye mstari wa kwaya, akamwona bibi yake, akachomoka mbio na sare yake nyeupe, akafika, akapiga magoti kwenye changarawe, yote mawili, chini kabisa. "Shikamoo bibi!" Shule nzima ilisikia. Na akabaki pale chini, maana kwa mama yangu mtoto wa kike hainuki mpaka aitikiwe. Ukiinuka kabla, unarudishwa uanze upya. Mama akamwekea mkono kichwani, akaitika taratibu, mtoto akainuka na magoti yamejaa vumbi.

Mkurugenzi akakohoa. "Madam," akasema, na akaangalia begani kwangu. "Your duty."

Nimeshajiuliza mara nyingi ningefanyaje. Ningesema hapana? Kwa nahau gani? Ningeongea Kiswahili, nikaandikwa? Nilikuwa na mstari mmoja tayari. Kazi ikiondoka, nafasi ya mtoto inaondoka, tunarudi wote juu ya jiwe. Haya nilikuja kuyapanga baadaye. Pale getini sikufikiri chochote, nilivua kibao begani, nikamvisha binti yangu shingoni. Mikono yangu mwenyewe ilimnyooshea kamba isimkwaruze. Hakulia. Alinitazama mara moja, halafu akakishika kibao kwa mkono kikae katikati.

Mama akaweka kikapu chini. Akapiga vigelegele.

Mara tatu. Vile vya harusi, vilivyotoka tumboni. Amemwona mjukuu wake kasalimia vizuri, na hapo hapo mwalimu kamvisha kitu shingoni mbele ya wageni. Mtu mwenye akili timamu angefikiri nini tena? Wazazi wengine wawili watatu wasiosoma Kiingereza wakapiga makofi. Waliojua kusoma wakaangalia viatu vyao. Mkurugenzi alibaki na tabasamu limekauka usoni, kisha naye akapiga makofi kidogo, kwa sababu wageni wa wilaya walikuwa wanaingia. Binti yangu aliimba kwaya yote na kibao kifuani, na mama yangu akiwa kwenye turubai mstari wa mbele alimwonesha kila aliyekaa karibu naye. "Yule mwenye nishani," alikuwa anasema. "Yule ni wangu."

Jioni, mtoto akiwa anavua soksi, akaniambia, "Mama, usimwambie bibi ile ni adhabu. Alifurahi sana." Nikasema sitamwambia. Nilikwenda uani kuwasha jiko, nikakaa pale nalia, nasingizia moshi.

Jumatatu barua ikatoka. Mkataba wa miaka mitatu, nikasaini. Mkurugenzi akanipa mkono akasema amependa nilivyosimamia zamu, hata kwa mwanangu mwenyewe. Nikamwambia all in a day's work, yaani ndiyo kazi yenyewe ya kila siku. Ndiyo, nilisema hivyo, na alicheka, na nilimchukia, na nikasema asante.

Wiki mbili baadaye shule zikafunga, tukaenda Sepuka. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nifike, nipige magoti, nimpe mama shikamoo yake nzito ya kumtosha, na ya kibao nisiyaguse.

Tulimkuta uani na majirani wanne, wanapura alizeti. Mtoto akawahi mbele, akapiga magoti, akasalimia mmoja mmoja, akaitikiwa. Nikaja nyuma yake, nikaanza kushuka. Mama akaniwahi kwa mkono.

"We! Usinipigie goti la hapa leo," akasema. "Nimewaambia hawa hawaamini. Nisalimie ile ya Kizungu uliyoniamkia kule shuleni. Wasikie."

"Mama, acha tu nikusalimie..."

"Unaona aibu ya nini? Simama vizuri. Sema."

Wanawake wanne wameacha kupura, miti ya kupuria imesimama hewani. Mtoto wangu ananitazama. Ningeweza kukataa, na kila mmoja pale angedhani mama amedanganya. Nikasema. Long time no see. Sauti ilitoka imekunjamana.

"Marahaba!" mama akaitika, akawageukia. "Mmesikia? Shikamoo kabisa hiyo! Na huyu mdogo alivishwa nishani kwa kusalimia. Shule nzima, yeye peke yake." Wakashangilia, mmoja akaniomba nimfundishe binti yake. Na mama, aliyeona siku imemnyookea, akatoa la mwisho. Kesho kuna misa kubwa, yule padri mzee Mzungu aliyejenga zahanati anakuja kuaga, anarudi kwao kufa. Mama amechaguliwa kumpokea mlangoni kwa niaba ya wanawake wote wa kigango. Atampa mkono na kumwamkia kwa lugha ya kwao. Ameshafanya mazoezi wiki nzima. Akasimama, akainyoosha kanga yake, akasema maneno yangu yote manne, na akashusha kichwa kwa adabu.

Nilingoja majirani waondoke. Niliwasaidia hata kufunga magunia, nikichelewesha. Walipoondoka, mama akakaa kwenye kigoda na ungo wa mtama, anapeta. Mtoto alikuwa amekaa karibu yake, anaokota punje.

"Mama," nikasema, "kesho usimwambie padri yale maneno."

"Nimeyakosea?"

"Hujayakosea. Unayasema vizuri kuliko mimi. Lakini si shikamoo."

Ungo ukasimama. "Ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kinyaturu, na kwa Kinyaturu hakuna pa kujificha, lilitoka lilivyo: ni maneno ya rika kwa rika. Ni kama ningekukuta mnadani nikakuambia, umepotea sana wewe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika usoni. Akafikiri, na niliona anapofikiri, anarudi taratibu hadi getini, anapita tena pale pale, anatazama kitu kimoja kimoja.

"Na kile kibao?" akauliza.

Mtoto akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe, mwalimu. Kile kibao ni cha nini?"

"Ni adhabu, mama."

"Alikosa nini?"

"Alikusalimia."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu. "Na wewe ndiye uliyemvisha."

"Mimi."

"Na mimi nikapiga vigelegele," mama akasema.

Mtoto alimsogelea bibi yake akamwegemea. Mama akamfuta vumbi la mtama kichwani, akasema bila kunitazama, "Huyu hana kosa, alisalimia. Ataendelea na shule yake, wala simrudishi. Kesho padri nitamwamkia kwa Kiswahili, anakijua, ametuzika miaka yote hiyo."

Nilitakiwa nifurahi. Lile nililoliogopa tangu siku ya kwanza lilikuwa limepita, mtoto anabaki na mimi. Nikapiga magoti pale kwenye makapi ya alizeti, yote mawili, chini kabisa, mimi mtu mzima wa mkataba wa miaka mitatu.

"Shikamoo, mama."

Akachukua ungo wake. Akarusha mtama juu, akaudaka, pumba zikapeperuka zikanijia usoni. Akarusha tena.

"Nimeshakupa marahaba mbili," akasema. "Ya tatu sina."

Akaendelea kupeta, na mimi nikabaki chini.